Mtu Asiyeweza Kukimbia

Nilipofika Mtoni nilikuwa mwalimu wa dini. Asubuhi niliwafundisha watoto kusoma, alasiri niliwafundisha wakubwa waliotaka kubatizwa, na Jumapili ambayo padre hakuweza kufika nilisimama mimi mbele ya watu na kuongoza sala. Kanisa letu lilikuwa la miti na udongo, limeezekwa makuti, karibu kabisa na barabara ya Kilwa. Lori la kwenda Rufiji likipita, vumbi liliingia mpaka juu ya kitambaa cha altare, na mke wangu alikuwa na kazi ya kukikung'uta kila mara. Waumini hatukuwa wengi. Tulikuwa watu wa kusini zaidi, tuliokuja kutafuta maisha mjini wakati wa Mwingereza, na baada ya ibada tulisimama nje tukiulizana habari za kwetu: nani amefiwa, mvua imenyeshaje, mihogo imekubali au imekataa. Waliotuzunguka walikuwa Wazaramo, Waislamu, wenye minazi yao na mashamba yao. Tuliishi nao vizuri, kila mtu na njia yake.

Kifafa nilikuwa nacho tangu ujana. Kilikuja mara chache, na kwa bahati kikanikuta nyumbani au njiani nikiwa peke yangu. Mke wangu alijua. Mama yangu alimweleza kabla hatujaoana, ili asije akasema alidanganywa, naye akasema hana neno. Alijua kunilaza ubavu, kunilegeza shingo ya shati, na kukaa karibu yangu mpaka nirudi. Watu wengine hatukuwaambia. Hatukuona haja.

Jumapili moja nilikuwa nasoma somo. Nakumbuka nilisikia harufu kama ya chuma kilichoungua, na nilijua maana yake, nikatafuta jinsi ya kukaa chini. Sikuwahi. Nilipofumbua macho nilikuwa nimelala sakafuni, mdomo una damu, na kanisa lilikuwa tupu. Mabenchi mengine yalikuwa yamepinduka. Kiatu cha mtoto kilikuwa kimebaki katikati ya njia. Mke wangu peke yake alikuwa ameketi karibu nami, ananifuta povu kwa pindo la khanga, na kupitia mlangoni niliwaona watu wamesimama mbali juani, wananitazama. Hakuna aliyeingia. Enzi hizo watu waliamini kwamba ukiligusa povu la mwenye kifafa, nawe utakipata. Siwalaumu. Hata mimi, kama nisingekuwa nacho mwenyewe, labda ningekimbia pamoja nao.

Padre alikuja wiki iliyofuata kwa baiskeli. Alikuwa Mzungu mrefu, mpole, aliyezungumza Kiswahili kwa uangalifu kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alikaa nyumbani kwangu, akanywa chai yetu, akanieleza kwamba wazazi wamewatoa watoto shuleni na kwamba ingefaa nipumzike kazi ya ualimu. Alinikumbusha habari ya yule mtume aliyekuwa na mwiba mwilini, aliyeomba uondolewe na haukuondolewa. Nilimsikiliza kwa adabu. Moyoni nilisema: mtume alikuwa na mwiba, sawa, lakini hakuna aliyemwambia ashuke akae na watu wa nyuma. Sikumwambia padre hivyo. Nilimshukuru kwa kuja, nikamsindikiza hadi barabarani.

Akaletwa mwalimu mwingine. Mimi nikaachiwa kufagia kanisa na kugonga kile kipande cha reli tulichokitumia kama kengele. Watu waliendelea kunisalimu, ila walinisalimia kwa mbali. Wakati wa ushirika mtakatifu nilipewa kikombe mwisho kabisa, baada ya kila mtu. Mara ya kwanza mzee wa kanisa alinishika bega akanirudisha nyuma ya mstari. Baada ya hapo sikungoja kushikwa. Nilibaki nimepiga magoti nyuma mpaka wote wamekunywa.

Kisha shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, akaja kutoka kwetu kusini. Alizungumza vizuri sana. Alisema mama yao ni mgonjwa na anamtaka binti yake, na kwamba ni kwa muda tu. Mama yao kweli alikuwa mtu mzima, lakini sote watatu tulijua kilichomleta. Habari ya kuanguka kwangu kanisani ilikuwa imeshafika nyumbani, na ndugu zake waliogopa kwamba hata watoto, kama Mungu angetujalia, wangezaliwa nacho. Mke wangu hakubishana na kaka yake, na mimi sikumzuia. Siku ya kuondoka alichota maji akajaza mtungi, akachekecha unga wote uliokuwamo ndani, akakunja nguo zangu. Lori lilipopunguza mwendo, alinishika mkono mbele ya watu, jambo ambalo halikuwa desturi yetu.

"Usipike ukiwa peke yako," akaniambia.

Nilicheka kidogo, maana ningepikiwa na nani? Akapanda lori. Vumbi lilipotulia nilirudi ndani, nikakaa kwenye kitanda, nikausikiliza ukimya wa nyumba ile. Mpaka leo sijui kitu kizito kama nyumba ambayo mtu ameifagia vizuri kabla ya kuondoka.

Miezi iliyofuata sina mengi ya kueleza. Niliamka, nikagonga reli, nikafagia, nikarudi. Kuna siku zilizopita bila mimi kusema neno zaidi ya salamu. Nilianza kuzungumza na vyombo. Niliomba pia, lakini sala zangu zilikuwa kama maji yanayomwagwa kwenye mchanga; sikuona yanakwenda wapi.

Siku moja nikifagia, niliwasikia wanawake wa kanisa wakizungumza nje. Walikuwa wanamtembelea mgonjwa mmoja ng'ambo ya pili ya kijito, mtu wa bara, wa upande wa Tabora, aliyebatizwa huko kwao. Alikuwa kuli bandarini. Robota la katani lilimwangukia mgongoni, akapooza kuanzia kiunoni, na sasa alikuwa amelala kwenye kibanda uani kwa mwanamke mmoja wa Kizaramo. Wanawake walisema hawaendi tena. Kibanda kinanuka, na mdomo wake ni mchafu kuliko kibanda. Alikuwa amemtukana mke wa mzee wa kanisa tusi ambalo yule mama hakuweza kulirudia.

Ningependa kusema nilikwenda kwa huruma. Ukweli ni kwamba nilikwenda kwa upweke. Nilifikiri hivi: mtu ambaye hakuna anayetaka kumwendea, labda hatachagua mgeni.

Nilimkuta mwenye nyumba ameketi kando ya barabara karibu na ua wake, anakaanga mihogo. Alikuwa mama wa makamo, mjane, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo. Nilimwamkia, akanionyesha kibanda kwa mwiko bila kuuliza mengi. Nikabisha hodi.

Ndani kulikuwa na giza na harufu iliyonifanya nisimame kwanza mlangoni. Mgonjwa alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, amegeukia ukutani. Mabega yake yalikuwa bado ya mtu wa kubeba mizigo, mapana, na chini ya mabega hayo mwili ulikuwa umekwisha.

"Nani?" akauliza bila kugeuka.

"Mtu wa kanisani."

"Umeleta nini?"

"Sikuleta kitu."

Akasema, "Basi wewe una nafuu. Wenzio huleta uji na mahubiri, na uji huwa mdogo."

Akageuza kichwa akanitazama. Aliuliza kama mimi ndiye yule mwalimu anayeanguka, maana habari zangu zilikuwa zimevuka kijito kabla yangu. Nikasema ndiye.

"Mie siwezi kusimama," akasema. "Kwa hiyo ukianguka humu, wewe utakuwa chini na mie nitakuwa kitandani. Hakuna wa kumcheka mwenzake. Kaa."

Nikakaa juu ya debe lililopinduliwa. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu mtu kuniambia nikae karibu naye.

Siku chache baadaye nilimwuliza kama ninaweza kumwosha. Alikataa kwa matusi. Nikarudi siku iliyofuata nikauliza tena, akakataa kwa matusi machache zaidi. Mwishowe akasema nifanye nitakavyo, maana hata akikataa hawezi kunikimbia. Nilikwenda zahanati nikaomba dawa, nikapewa ile ya zambarau inayotiwa katika maji, na vitambaa. Mwenye nyumba akanichemshia maji. Nilipomgeuza na kuona mgongo wake, nilitoka nje nikatapika nyuma ya mgomba. Mama yule aliniona. Alinimiminia maji mikononi ninawe uso, kisha akarudi kwenye mihogo yake, na mimi nikarudi ndani.

Kuosha vidonda vile kulinifundisha kwenda polepole. Hakuwa na maumivu sehemu ya chini, lakini pembeni mwa vidonda, pale ambapo mwili ulikuwa bado hai, aliumia sana, na mimi sikujua mpaka uko wapi hadi aliposhtuka. Alinitukana muda wote. Baadaye niligundua kwamba alinitukana kama mwingine anavyoimba akivuta kamba, ili kazi iende.

Siku moja, nilipokwisha kuosha mgongo, aliniambia, "Na miguu."

Nikamwambia miguu haina vidonda.

"Najua haina. Ioshe tu."

"Utasikia?"

"Sisikii. Lakini nitaiona."

Basi nikamwinua akaegemea ukuta, nikaweka beseni, nikamwosha miguu, kidole kwa kidole, nikampaka mafuta ya nazi. Aliitazama muda mrefu kama mtu anayetazama mali iliyokuwa yake zamani. Hakunitukana. Tangu siku hiyo miguu ikawa kazi yetu ya kila Jumamosi.

Jambo moja lilinisumbua pale uani. Mwenye nyumba na mgonjwa walitukanana vibaya mno kupitia ukuta wa kibanda. Mama alimwita maiti iliyokosa kaburi. Naye alimwambia mihogo yake ndiyo itakayolimaliza taifa la Wazaramo. Nilimwuliza mama kwa nini anamweka mtu anayemchukia namna hii. Alinitazama kwa mshangao.

"Huyu ni mtani wangu, mwalimu," akasema. "Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara. Nisipomtukana mie, atajuaje kwamba bado ni mtu?"

Nililichukua neno hilo nyumbani nikalala nalo. Sisi kanisani tulikuwa tumemwendea kwa sauti za chini, kama watu walio kwenye matanga, na yeye alikuwa bado hajafa.

Kisha nikaanguka mbele yake. Ilikuwa mchana, nilikuwa nakamua kitambaa, harufu ya chuma ikaja. Niliporudi, kabla sijafumbua macho, nilisikia sauti inasema bila haraka, "Tulia. Uko kwangu, kwenye kibanda. Umeanguka, na sasa umerudi. Kitambaa kiko mkononi mwako bado. Tulia." Aliyarudia maneno hayo mpaka nilipoweza kukaa. Kumbe alikuwa anayasema muda wote.

Nilikaa chini nimeegemea ukuta. Nikamwuliza jambo ambalo sikuwahi kumwuliza hata mke wangu. "Nikiwa hivyo, ninafananaje?"

Alifikiri. Hakutaka kunifurahisha, na hakutaka kuniumiza pia.

"Kwanza unalia," akasema. "Mlio mmoja, kama mbuzi. Halafu unakakamaa, macho yanapanda juu. Halafu unatetemeka, mikono na miguu, na povu linatoka. Baada ya hapo unalala unakoroma kama mlevi. Basi. Hakuna zaidi."

"Hakuna zaidi?"

"Mie nilikuwa natazama. Sikuona shetani yeyote akiingia wala akitoka. Nimeona mtu anaumwa."

Sijui kama mtu mwenye afya anaweza kuelewa jambo hilo lilikuwa na maana gani kwangu. Miaka yote nilikuwa natoweka na kurudi, na siku ile kanisani nilirudi mbele ya macho ya watu bila kujua walichokiona. Yeye alinipa kile kipande cha maisha yangu ambacho wengine wote walikuwa wamekimbia nacho. Nililia. Aligeuzia uso wake ukutani ili nilie kwa raha.

Tukaishi hivyo masika na kiangazi. Nilimpikia palepale kibandani kwenye mafiga, chakula chake na changu, maana nilikumbuka neno la mke wangu la kutopika peke yangu; usiku nyumbani nilikula kiporo. Kabla ya kuondoka niliomba. Alinivumilia. "Omba," alisema, "lakini fupi, Mungu naye ana kazi." Yeye mwenyewe hakuomba kwa sauti. Nilipomwuliza kama ana uchungu na Mungu kwa ajili ya lile robota, alisema alikuwa nao mwanzoni, akauchosha kwa kuutumia sana.

Siku ya ajali ilikuwa ya kawaida. Nilikuwa nimeinama kwenye mafiga nakoroga uji. Sikumbuki harufu yoyote safari ile. Ninachokumbuka ni kuamka mahali pengine, karibu na mlango, mkono wangu wa kushoto ukiwaka kwa maumivu, na uzito wa mtu juu ya miguu yangu. Mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni ameshika kichwa.

Yeye ndiye aliyenieleza. Mgonjwa alipiga kelele za kuita watu, lakini watu wa jirani walikuwa shamba, naye mama alikuwa barabarani akipatana bei na wateja. Aliposikia na kuja mbio, alikuta mambo yamekwisha. Mimi nilikuwa nimeangukia motoni, mkono ndani ya makaa. Yule mtu aliyekuwa hajashuka kitandani tangu aletwe alikuwa amejitupa chini, akajivuta kwa viwiko mpaka kwenye mafiga, akanishika shati na kunivuta, kidogo kidogo, mpaka mlangoni. Sakafu ilikuwa na mstari wa damu kutoka kitandani hadi nilipolala. Vidonda nilivyovitunza miezi yote vilikuwa vimechanika vyote.

Mkono wangu ulifungwa zahanati. Vidole viwili havikunyooka tena. Yeye alipelekwa hospitali kwa mkokoteni, wajukuu wa mwenye nyumba wakisukuma, mimi nikitembea pembeni nimeshika jani la mgomba kumkinga jua. Alikaa huko kidogo, kisha wakamrudisha. Walisema uchafu umeingia ndani, kwenye mfupa, na hakuna zaidi la kufanya.

Homa haikumwacha. Alasiri moja, akili ikiwa imemtulia, nilimwuliza kwa nini alishuka kitandani.

"Ulitaka nikae nikutazame unaungua?"

"Mgongo wako," nikasema.

"Mgongo ulikwisha bandarini." Akapumzika kidogo. "Mwalimu, wanawake wale walikuja kunifanyia huruma. Na wewe ulikuja kunifanyia huruma. Usikatae, hata kama ulikuwa mpweke. Mie tangu niumie sikuwa nimemfanyia mtu kitu chochote. Umenielewa?"

Nikasema nimemwelewa.

"Basi usije ukaniombea msamaha kwa jambo hilo. Siku ile nilitembea. Kwa mikono, lakini nilitembea."

Alikufa katikati ya mvua za masika, mchana, mama mwenye nyumba akiwa amemshika kichwa na mimi nikiwa nimemshika miguu. Sijui kwa nini nilishika miguu. Mama alimtukana kwa sauti ya chini mpaka pumzi ya mwisho, na machozi yakimtoka.

Nilidhani maziko yatakuwa ya watu wachache. Padre alikuja, wanawake wa kanisa walikuja, hata yule mke wa mzee wa kanisa. Lakini waliojaa uani walikuwa Wazaramo. Walikuja kama watani, maana ndiyo haki yao na wajibu wao. Walichimba kaburi. Walibeba jeneza. Njiani mzee mmoja wao alijilaza katikati ya njia matopeni, akasema hampishi mtu huyu. Amelala kitandani miaka yote kwa uvivu, na leo tena anataka kubebwa? Atembee mwenyewe. Watu walicheka. Padre alibadilika rangi, akaniangalia, nikamnong'oneza kwamba hii ni heshima. Sina hakika alielewa, lakini alisimama na kungoja. Mzee alipewa kitu kidogo, akainuka, akajipangusa matope, akaweka bega lake chini ya jeneza pamoja na wengine. Mimi nilicheka, na kicheko kikageuka kilio katikati, nikashindwa kukizuia.

Padre alisoma. Kaburi likafukiwa. Waislamu walisimama wakiwa wameinamisha vichwa mpaka mwisho.

Baada ya hapo nilirudi kwenye ukimya wangu, na ulikuwa mzito kuliko wa kwanza. Alasiri ikifika miguu yangu yenyewe ilishika njia ya kijito, na mara nyingine nilifika mpaka uani kabla sijakumbuka. Mama alinipa muhogo wa kukaanga, tukakaa. Baada ya muda kibanda kilianza kuvuja, akakigeuza pa kuwekea kuni, akaniomba radhi. Nilimwambia ni vizuri.

Mke wangu hakurudi. Hakuolewa tena, nami sikuoa. Wasafiri walituletea salamu, naye alinitumia karanga wakati wa mavuno, na mimi nilimtumia khanga Krismasi, na hivyo ndivyo ndoa yetu ilivyoendelea mpaka alipofariki. Hospitali wakanipa vidonge vilivyopunguza kuanguka, ingawa havikukomesha. Ualimu sikurudishiwa. Watoto niliowafundisha herufi walikua wakawa makarani, wakanipita barabarani na baiskeli zao, wengine wakishuka kuniamkia, wengine wakinyoosha mkono tu.

Lakini watu wakaanza kuniita. Sikutangaza kitu, habari zilikwenda zenyewe, kupitia kwa mama wa mihogo zaidi kuliko kwa padre. Mwenye kikohozi kikavu ambaye nduguze walimtengea sahani. Bibi aliyesahau majina ya wanawe. Mkristo, Mwislamu, sikuulizwa wala sikuuliza. Nilikwenda, na mkono wangu mmoja mbovu, na jambo la kwanza nililowaambia lilikuwa kwamba huenda nikaanguka, na kwamba wasiogope, nitarudi. Niligundua kwamba mgonjwa akisikia hivyo, uso wake unalegea. Hataki mtu mwenye afya mno karibu yake.

Watu husema kuwatumikia wengine huondoa upweke. Kwangu haukuondoka. Nilikaa na wagonjwa mchana, na jioni nilifungua mlango wa nyumba isiyo na mtu, nikawasha taa. Kwa muda mrefu niliona huo ni upungufu wa imani yangu. Sasa ni mzee, na nadhani kwamba kama ningekuwa na nyumba iliyojaa, nisingesikia nyumba tupu za wenzangu.

Miaka ile serikali ilipokuwa inajenga zile nyumba za safu kule Temeke, karani mmoja kutoka bara alinifuata kanisani. Yeye na mkewe walikuwa wamefiwa na mtoto wao wa pekee, na mke alikuwa ameacha kusema. Hakuwa na ndugu mjini. Aliniomba nikakae na mkewe wakati yeye yuko kazini, uani, mbele ya majirani. Nilimkuta mama yule ameketi kwenye kigoda, mikono imelala mapajani, hatazami kitu. Nilimwamkia, hakujibu. Nikakaa chini, mgongo ukutani. Alasiri ikapita. Nilirudi kesho yake, na siku nyingine, na hali ikawa ileile. Majirani wakanionea haya, mmoja akaniuliza kwa upole kama nadhani ninasaidia kitu. Nikamwambia sijui.

Alasiri iliyofuata nilipoingia uani nilikuta kigoda cha pili kimewekwa kivulini karibu na chake. Hakuniangalia. Nikakaa. Jua liliposogea na kivuli kikatuacha, aliinuka, akabeba kigoda chake, akangoja niinuke, akachukua na changu, akavihamishia vyote viwili upande wa pili wa ukuta.